Naomba ushauri: kutoka kamera ya Canon 700D, nichukue 5D Mark III au EOS RP?

Habari zenu wakuu. Napiga picha kwa kupenda, ila sasa ndugu na majirani wananiita kwenye sendoff na harusi. Ukumbini mwanga ni hafifu; nikipandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hadi 3200 picha zinajaa chengachenga. Nataka kamera ya sensa (sehemu inayonasa picha) kubwa, ya mtumba. EOS RP ni nyepesi na kwa adapta inapokea lenzi zangu zote, lakini ina nafasi moja tu ya kadi na betri yake ni ndogo. 5D Mark III ni ya 2012, lenzi yangu ya 18-55 haiingii, ila inabeba kadi mbili, moja ikiharibika picha zinabaki kwenye nyingine, na harusi hairudiwi. Mliozitumia, mngechukua ipi? Na shata (pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha) ya kamera ya mtumba inakaguliwaje kabla sijatoa hela?