Mama kachomwa sindano ya mionzi, mbona kakatazwa kumpakata mjukuu?

Kifungua_Mimba:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Leo saa nne asubuhi mama alichomwa sindano ya teknetiamu, saa saba akapigwa picha ya mifupa. Tunaaga, tukaambiwa asimpakate mjukuu hadi kesho saa nne. Mwaka jana alipigwa eksirei ya goti, akarudi na kumbeba huyo huyo mjukuu mgongoni, hakuna aliyesema neno. Sasa mtoto analia sebuleni, bibi naye analia chumbani.

Jembe_Butu:
Mtengeeni sahani na kikombe, nguo zake zichomwe. Mionzi inaambukiza hiyo.

Chumba_cha_Giza:
Jembe, acha kutisha watu. Sindano hizo nazichoma mwaka wa 11 huu na shuka za wagonjwa wangu zinafuliwa.

Kifungua, eksirei inatoka kwenye mashine, ukizima, imekwisha. Dawa ya mama inatoa mionzi ya gama, na gama inatoka ndani ya kiini cha atomu, na kiini hakina swichi. Molibdenamu-99, metali ya mionzi, ikivunjika inazaa teknetiamu-99m, yenye kiini kilichobaki na nishati ya ziada. Viini vingi huitema nishati hiyo papo hapo. Hiki kinajivuta, ndiyo maana ya herufi m kwenye 99m: kila saa 6 nusu tu ya atomu zilizobaki ndizo zinatulia, nyingi zikitoa gama ya kiloelektronivolti 140 (kipimo cha nishati). Ile kamera kubwa haikutoa mionzi hata chembe, ilikuwa inapokea. Taa ni mama mwenyewe.

Piga hesabu: saa 24 ni nusu mara nne, inabaki sehemu moja ya 16. Hapo sijatoa inayotoka na mkojo, kwa hiyo anywe maji, aende msalani mara kwa mara, anawe vizuri. Na akae upande wa pili wa chumba amwimbie mtoto. Umbali ukiwa mara mbili, mionzi inashuka hadi karibu robo.

Kifungua_Mimba:
Asante sana. Alimbusu kabla sijawahi kumzuia. Mtoto naye hatoi mionzi sasa?

Chumba_cha_Giza:
Busu hilo halimfanyi atoe mionzi. Gama hiyo ni mwanga usioonekana, inapita au inamezwa. Ukimulikwa na tochi, ikizimwa huendelei kuwaka.

Chaki_Nyeupe:
Ila kidogo anatoa, na wewe Jembe pia. Mwili wa mtu mzima una potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mionzi, inayovunjika mara 4,000 hivi kila sekunde, na katika kila 10 moja hutoa gama, tena yenye nguvu mara kumi ya hiyo ya bibi. Mwanasayansi Mfaransa Paul Villard aliigundua gama mwaka 1900 akichunguza radiamu, lakini sote tulikuwa tunatembea nayo.

Jembe_Butu:
Basi nichomwe na mimi 😂

Kifungua_Mimba:
Nimemsomea bibi yote. Yuko glasi ya tatu ya maji. Anauliza, hiyo saa nne ni kamili, au tatu na nusu haina neno?