Nina laki nne: ninunue seti ya taa tatu au nijifunze kwanza?

KijanaWaMbagala
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 24, nauza dukani Kariakoo, na ninachotaka maishani ni kuwa mpiga picha wa filamu. Mwezi uliopita washkaji walinipa filamu yao fupi ya dakika nane niipige, sebuleni kwa shangazi yangu. Niliazima taa mbili za LED, nikazisimamisha kushoto na kulia kwa kamera. Taa ya tubu ya darini nikaiacha inawaka ili pasiwe giza.

Kwenye kioo cha kamera mambo yalikuwa safi. Kufika kwenye kompyuta, ukuta wa krimu unang'aa kuliko mwigizaji, uso wake kama umepakwa majivu, na kuna mistari inatambaa juu hadi chini. Dairekta hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Sasa nimejibana nimepata laki nne na kuna jamaa anauza seti ya taa tatu. Ninunue? Nawasilisha.

FundiWaya
Usinunue. Tuanze na mistari maana ndiyo rahisi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tubu na LED za bei chee zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Bila shaka uliacha fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, 1/60. Weka fremu 25, shata 1/50, ziendane na huo umeme. Na tubu zima kabisa: lina rangi yake, LED zako zina yake, uso ukizipokea zote ndiyo hayo majivu.

Mwigizaji alikuwa umbali gani na ukuta?

KijanaWaMbagala
Nusu mita hivi mkuu, kochi limegusa ukuta. Taa zilikuwa mita moja kutoka kwake. Na shata kweli ilikuwa 1/60, umejuaje?

FundiWaya
Nimejua kwa sababu na mimi nimepita hapo hapo.

Sasa sikiliza. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga haubaki nusu, unabaki robo. Kwako taa ilikuwa mita moja toka usoni na mita moja na nusu toka ukutani, kwa hiyo ukuta ulipata karibu nusu ya mwanga wa usoni. Rangi ya krimu inarudisha mwanga kuliko ngozi zetu, lazima ikushinde. Mvute mwigizaji mita mbili toka ukutani, taa ibaki mita moja toka kwake. Ukuta sasa uko mita tatu, unapata sehemu moja kati ya tisa. Umesukuma kochi tu, hujatoa hata mia.

DadaKivuli
Niongezee hapo kwenye uso, mdogo wangu, maana ndipo wengi wanapoharibu. Nimebeba stendi za taa miaka minne kabla sijaruhusiwa kugusa kamera.

Ngozi nyeusi haitaki mwanga mwingi, inataka mwanga mpana. Ukimrushia taa ndogo unapata vidoa vyeupe kwenye paji na pua, kwingine giza. Unaongeza taa, ukuta nao unalipuka. Chukua shuka jeupe, litundike pembeni ya mwigizaji, taa ielekee kwenye shuka, siyo kwake. Ngozi itaakisi shuka zima kama sufuria mpya inavyoakisi dirisha: utaona mng'ao laini unashuka shavuni mpaka kwenye taya. Mpake mafuta kidogo, poda achana nayo. Upande wa pili tundika kaniki, inameza mwanga unaorudi toka ukutani na uso unapata umbo. Ikizidi giza, toa kaniki, weka yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na TV.

Ukipata taa za halojeni, zile za joto kali, shuka likae mbali. Mimi niliona moshi. Nilicheka wiki moja baadaye.

MzeeWaNazi
Mimi nilijifunza kwa nazi iliyofuliwa, juu ya stuli, chumba giza, na tochi ya simu. Unaizungusha tochi taratibu unaangalia kivuli kinavyohama. Wife alidhani naagua.

DadaKivuli
Nazi haina pua mzee wangu! Ile pembetatu ya mwanga chini ya jicho, waliyoipa jina la mchoraji Rembrandt, utaionaje bila kivuli cha pua? Atumie mdogo wake.

PwaniYote
Mbona hakuna anayemwambia aende shule? TaSUBa, chuo cha sanaa, ipo Bagamoyo, si mbali.

DadaKivuli
Shule sipingi. Ila ana duka na laki nne. Aanze kwa kubeba taa za watu wikiendi.

FundiWaya
Na jua usilisahau, ni bure. Saa sita Dar linakaa utosini, macho ya mwigizaji yanakuwa mashimo. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Jioni usizembee, huku kwetu jua linashuka wima. Ukisema tumalizie chai kwanza, limezama. Na usiende Coco Beach kutafuta machweo baharini, ufukwe unatazama mashariki. Kila mwaka namwona mtu kapeleka timu nzima.

Hela yako: LED moja nzuri inayopunguzika mwanga, stendi mbili, kaniki. Inayobaki weka akiba.

KijanaWaMbagala
Wakuu, nimerudi. Jana usiku nilisukuma kochi, nikazima tubu, nikatundika shuka kwenye kamba ya nguo ndani, taa moja tu. Mdogo wangu alikaa dakika arobaini akilalamika njaa. Mistari hakuna, ukuta umezama, na ule mng'ao wa shavuni nimeuona! Ila macho yake hayana uhai, kama ya samaki wa jana. Nishushe taa au nimsogezee shuka?

DadaKivuli
Shusha taa na shuka vyote, na shuka lisogee mbele kidogo. Ukiliona mbonini mwake, umepata.

KijanaWaMbagala
Sawa dada. Tatizo shangazi anauliza shuka lake linarudi lini.