MREJESHO: Kompyuta 24 za shule tatu za kata yetu

Wakuu, habari za siku. Ni yule mwalimu niliyeomba msaada kuhusu kompyuta za shule zetu: nyingine haziwaki, nyingine kila zikizimwa tarehe inarudi 2009. Asanteni sana kwa mlionijibu. Leo zinawaka 19.

Mkuu uliyesema nianze na vumbi, Mungu akubariki. Tulizifungua nje chini ya mwembe, tukapuliza kwa blowa ya kuazima, mwanafunzi akishikilia feni kwa kidole isizunguke. RAM, vile vibao vya kumbukumbu, tulizichomoa, tukasugua meno yake kwa kifutio cha penseli hadi yakang'aa. Saba zilizokuwa zinapiga mlio tu bila picha ziliwaka siku hiyohiyo. Nilifurahi mno, maana fundi wa mjini alishasema zote ni za kutupa.

Shida ya tarehe ilikuwa ile betri ndogo inayotunza saa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), CR2032. Tumebadilisha 11, tatizo limekwisha.

Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, nimeiweka kwenye zenye RAM ya GB 4. Wanafunzi wameizoea haraka, walimu wenzangu bado wanaulizia Excel yao.

Kwenye UPS, vile vifaa vya betri vya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, tumekwama. Nilinunua betri mpya mbili kama mlivyoshauri. UPS moja imepona, ya pili umeme ukikatika tu, nayo inazima. Mazabodi tatu zimekufa, kapasita (vile vidude vya kuhifadhi chaji) zimevimba, tumezifanya spea. Kompyuta mbili zinasubiri pawasaplai, kile kisanduku cha kuzipa umeme.

Na lile daftari la kuandika kila mashine kwa namba, imeharibika nini na nani kaigusa, sasa lipo kila shule.