Pesa ya kuhama: 5,000 zimeandikwa, 3,517.50 zimefika

Kutoka: Wa Kisauni

Assalaam aleikum wakubwa zangu, na shikamooni.

Nimemaliza chuo Columbus mwezi wa tano. Kazi ni Houston, naanza tarehe 13 Julai. OPT (ruhusa ya kufanya kazi baada ya chuo) imetoka, EAD (kadi yake) iko mkononi. Niliingia kwa F-1 (viza ya mwanafunzi) Agosti 2022 na sijabadilisha kitu tangu hapo.

Barua ya kazi inasema pesa ya kuhama ni dola 5,000. Jana benki zimeingia 3,517.50. Karatasi ya malipo inaonyesha wamekata 1,100 za federali, 310 Social Security (pensheni ya serikali) na 72.50 Medicare (bima ya afya ya wazee). Nimepiga simu ofisi ya mishahara, jibu ni "hivyo ndivyo mfumo unavyokata". Sasa wameniletea barua nyingine nisaini kabla ya Ijumaa: nikiacha kazi kabla ya miezi 12, nirudishe dola 5,000 kamili.

Swali langu ni moja tu. Aliyepokea 3,517.50 anarudishaje 5,000? Inafaa niwaambie wabadilishe maneno hayo kabla sijasaini, au wataniona najitia ujuaji na kazi yenyewe sijaanza?

Kutoka: Ami wa Kibokoni

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera. Usihangaike. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hivyo weka risiti zote: lori, mafuta, hoteli ya njiani. Mwakani jaza 3903, fomu ya gharama za kuhama, nazo zitatolewa kwenye mapato yako. Sharti ni maili 50, na kazi ya kwanza baada ya chuo inahesabika. Angalia pia mkataba wa ushuru wa Kenya na Marekani, huenda ukapunguziwa zaidi.

Kutoka: Bi wa Makadara

> Mwakani jaza 3903

Ami, kwa heshima zote, mlango huo ulifungwa 2018. Sheria ya 2017 iliwaachia wanajeshi walio kazini peke yao, wale wanaohamishwa kwa amri. Ilikuwa imalizike mwisho wa 2025, na wengi walikaa wakingoja. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 ikaifanya ya kudumu. Ndiyo maana hata mwajiri akilipa lori mwenyewe, thamani yake inaingia kwenye W-2, karatasi ya mapato ya mwaka, kama mshahara. Risiti ziwekwe kwa ajili ya mwajiri akizitaka. IRS, mamlaka ya ushuru, haina kazi nazo.

> mkataba wa ushuru wa Kenya na Marekani

Haupo. Wenzetu wa nchi nyingine wana cha kuandika kwenye 8233, fomu ya kudai msamaha wa mkataba, sisi hatuna.

Sasa wewe mtoto wa Kisauni. Makato yako ni ya aina mbili, usiyachanganye.

Zile 1,100 ni asilimia 22, kiwango cha malipo yaliyo nje ya mshahara wa kawaida. Hayo ni makato ya kutangulia, hesabu ya kweli inafanywa mwakani kwa 1040-NR, fomu ya ushuru ya asiye mkaazi. Unaanza Julai, kwa hivyo 2026 utapata nusu tu ya mshahara wa mwaka. Mapato yako ya kutozwa yakibaki chini ya 50,400, dola ya mwisho inatozwa asilimia 12. Kwa hiyo katika zile 1,100, kama 500 zitarudi. Lakini usitumie zile programu wanazotumia wenyeji. Zinatoa 1040 ya mkaazi na kukupa ule msamaha wa moja kwa moja (standard deduction) usiokuhusu, halafu barua inakufuata baadaye. Na 8843, fomu ya kuonyesha siku zako za uanafunzi hazihesabiwi, iende pamoja na 1040-NR.

Zile 310 na 72.50, jumla 382.50, ndizo kosa lenyewe. F-1, hata akiwa kwenye OPT, hakatwi FICA (yaani Social Security na Medicare) maadamu bado ni NRA, asiye mkaazi kwa ushuru. Andika imeili, simu haina ushahidi. Ambatanisha I-20 (cheti cha chuo) yenye OPT, EAD pande zote mbili, I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na ukurasa wa viza. Omba mambo mawili: wakurudishie 382.50, na warekebishe hesabu zao kwa 941-X, fomu yao ya kusahihisha makato. Tena waambie waangalie W-4 yako (fomu ya kumwelekeza mwajiri makato) kama ina NRA, kama Notice 1392 ya IRS inavyoelekeza, maana isipokuwa sawa ushuru wa federali hautakatwa sawasawa kila mshahara. Ofisi nyingi hazijawahi kuajiri mtu wa F-1, na mfumo unamkata kila anayepita.

Wakikataa, wakatae kwa maandishi. Ngoja W-2, inatakiwa itoke ifikapo 31 Januari, kisha peleka IRS 843 (fomu ya kudai kurudishiwa) pamoja na 8316 (maelezo ya FICA iliyokatwa kimakosa) na nakala za zile hati. Iende peke yake, usiibandike kwenye 1040-NR. Wanaokwama ni wale wanaoanza na 843 kabla ya kumwomba mwajiri: 8316 inauliza hilo waziwazi.

Kutoka: Wa Changamwe

Nyongeza: miaka mitano ya NRA inahesabiwa tangu alipotua. Kwa hiyo yuko salama mpaka Agosti 2027.

Kutoka: Bi wa Makadara

Hapana. Inahesabiwa kwa kalenda. Aliyetua Agosti 2022, 2022 yote ni mwaka wa kwanza, hata angetua Desemba. 2026 ni wa tano. Kuanzia 1 Januari 2027 anaanza kukatwa FICA kihalali, na akidai arudishiwe ya 2027 atakataliwa. Jamani, mtu asome kabla ya kujibu.

Kutoka: Ami wa Kibokoni

Sawa mwanangu, nimekubali. Ila California bado wanatambua gharama za kuhama kwenye fomu ya jimbo, hilo usinikatalie.

Kutoka: Bi wa Makadara

Sikukatalii Ami. Ila yeye anakwenda Texas, ambako hakuna ushuru wa mapato wa jimbo, basi kitatolewa kwenye nini? Ohio nayo itataka fomu ya mkaazi wa sehemu ya mwaka.

Kutoka: Wa Mtongwe

Nyinyi mko kwenye fomu, mtoto hata nyumba hajapata. Tuhesabu hizo 3,517.50.

Lori la futi 15 linakunywa galoni moja kwa maili 10 hivi. Columbus mpaka Houston ni maili zipatazo 1,200, kwa hiyo galoni 120. Ukikadiria 3.20 kwa galoni, mafuta peke yake ni 384, na hapo hujalipa ukodishaji, bima wala malazi. Kwa kitanda, meza na godoro la mwanafunzi haifai, viuze huko. Nguo zipande nawe. Vitabu vitume kwa Media Mail, boksi lisizidi pauni 70, na usiingize hata soksi humo: wana haki ya kufungua, na wakikuta kisichohusika utatozwa bei ya kawaida.

Nyumba. Wenye nyumba wengi wanataka mshahara uwe mara tatu ya kodi, na barua ya kazi inatosha kuwa ushahidi. Kinachomkwamisha mgeni ni historia ya mkopo. Hapo wanataka dipoziti ya mwezi mzima au zaidi, na sheria ya Texas haiweki kikomo. Ada ya maombi hairudi, kwa hiyo uliza masharti yao kwa imeili kwanza, usiombe nyumba tano kwa pamoja. Ukiingia tarehe 10 Julai unalipa siku 22. Kodi ikiwa 1,200, hiyo ni 851.61. Uliza lakini, kuna wanaotaka mwezi wa kwanza kamili na kupunguza wa pili. Ukikosea hapo pesa ya chakula inakwisha.

Umeme ndio mtego. Houston unajichagulia kampuni mwenyewe, na bila historia ya mkopo wanadai dipoziti. Iko ya kulipia kabla, isiyo na dipoziti, ni kama tokeni zetu. Ukichagua ya mkataba, usitazame ile bei kubwa ya tangazo. Soma karatasi ya EFL, ina bei tatu: kwa uniti 500, 1,000 na 2,000. Mipango mingi ni rahisi pale pale kwenye 1,000, kwa sababu kuna punguzo linaloanzia hapo. Chumba kimoja kikitumia 700, punguzo hulipati na kila uniti inakuwa ghali.

Dipoziti ya Columbus usiiache. Siku ya kurudisha ufunguo mpe mwenye nyumba anwani mpya kwa maandishi. Ana siku 30. Bila anwani iliyoandikwa umempa kisingizio.

Na SEVP Portal, tovuti ya serikali ya wenye OPT: anwani mpya na mwajiri, ndani ya siku 10. Kama mwajiri hajaingizwa humo, zile siku 90 za kukaa bila kazi zinaendelea kuhesabiwa hata kama unaamka asubuhi unakwenda kazini.

Kutoka: Wa Kisauni

Ahsanteni sana. EAD ninayo tayari, kwa hiyo posta haina neno?

Kutoka: Wa Mtongwe

EAD haina neno. Kadi ya SSN (namba ya Social Security) kama uliomba karibuni, ingoje kabla ya kuhama. Posta inapeleka barua kwenye anwani mpya kwa miezi 12, lakini usitegemee hilo kwa barua za serikali. Nyingi bahasha yake imeandikwa irudi ilikotoka.

Kutoka: Mama wa Tudor

Hamjambo wanangu. Mimi niko huku Mombasa, kijana wangu anamaliza mwakani, nasoma kila mnachoandika. Naomba kuuliza: ni kweli wameweka ushuru kwa pesa mnazotuma nyumbani?

Kutoka: Wa Changamwe

Kweli, Mama. Asilimia 1, tangu 1 Januari 2026. Lakini ni kwa anayepeleka taslimu dukani, au kwa money order na cashier's check. Akituma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko, haimgusi. M-Pesa yako itaingia kama kawaida.

Na tusisahau wetu wa nyumbani. Kwenye hotuba diaspora ni mashujaa wa uchumi, ukienda kutafuta paspoti ya kurasa 34 unakuta shilingi 4,550 imekuwa 7,550. Shujaa huyo anatozwa kwanza, sifa baadaye.

Kutoka: Bi wa Makadara

Siasa ifungue uzi wake. Nirudi kwa barua ya kurudisha pesa, maana miezi 12 inavuka mwaka. Akiondoka kabla ya 31 Desemba, mwajiri anaweza kurekebisha makato ndani ya mwaka huohuo, na kinachorudi ni alichopokea. Akiondoka 2027, W-2 ya 2026 imeshafungwa. Watadai kamili, na ushuru wa federali aliolipa itabidi auombe mwenyewe chini ya kifungu 1341 cha sheria ya ushuru, kinachotumika kwa kiasi kinachozidi 3,000. Kingekuwa 2,900, angekula hasara.

Na kwa wanaokuja nyuma: omba kabla ya kukubali kazi wakujazie ushuru. Ili 5,000 zifike mkononi baada ya asilimia 22, waandike 6,410.26. Kama wanang'ang'ania na FICA, 7,107.32.

Kutoka: Ami wa Kibokoni

Houston kwa joto ni Mombasa tupu, kasoro upepo wa bahari. Mwanangu, jikoni unabeba nini? Nazi huko zinapatikana, lakini ya kukuna na kukamua kwa kifumbu ni nyingine. Wali wa tui la mkebe ni kujidanganya.

Kutoka: Mama wa Tudor

Kuna mtu anasafiri mwisho wa mwezi, naweza kumpa mbuzi ya kukunia. Itapita uwanjani?

Kutoka: Wa Mtongwe

Itapita, ila iende kwenye mzigo wa kupakia, usimpe aibebe mkononi. Kile chuma chenye meno kizungushwe kitambaa kinene halafu kadibodi, ili anayekagua asijikate. Ya kukunjwa ni bora, begi lisipite pauni 50. Iliki kavu aitaje akiulizwa. Embe asijaribu, zitabaki kwenye meza ya forodha.

Kutoka: Wa Kisauni

Nashukuru wote, imeili ya FICA nimeshaituma na hati nne. Lakini Ijumaa ni kesho na barua iko mezani. Niwaombe waandike "alichopokea" badala ya 5,000, au nisaini tu?

Kutoka: Ami wa Kibokoni

Mama wa Tudor, na kifumbu pia kama kuna nafasi. Chepesi hicho, hakina uzito wowote.