Nimekosa Mwaka Kogwa kwa sababu ya saa iliyoandikwa ovyo, kisha naambiwa "gauni si unalo?"

Wanajukwaa, habari za leo.

Nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika uzi huu, kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na machozi na kusema jambo ambalo siwezi kulithibitisha. Wiki tatu zimepita na hasira haijapungua. Jina la mratibu wa safari ninayemlalamikia sitalitaja, kwa kuwa bado nampa nafasi ya kunirudishia fedha zangu, lakini kila ujumbe ninaoueleza hapa ninao kwenye simu yangu, na mratibu mwenyewe akisoma atajijua.

Mwezi Julai mwaka huu nilipaswa kuwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye Mwaka Kogwa. Kwa wasioifahamu, hii ni sherehe ya mwaka mpya wa Nairuzi, ambao wenyeji huuita pia Siku ya Mwaka. Sherehe huchukua siku nne, lakini kilele chake ni siku ya kwanza, pale wanaume wa pande mbili za mji wanapokutana uwanjani na kupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishe hapo hapo, huku wanawake wakipita wakiimba, na baadaye kibanda cha makuti kinachomwa moto na mtu aliyemo ndani anatoka mbio. Kinachofuata ni kula, ngoma na kutembeleana. Ukikosa siku ile ya kwanza, umekosa hadi mwaka mwingine.

Kwangu mimi hii haikuwa safari ya kutalii. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Makunduchi, akaolewa Temeke, akazeeka na kufia Temeke mwaka 2016 bila kurudi kwao zaidi ya mara tatu. Alikuwa akizungumza Kiswahili cha Dar es Salaam kama sisi sote, lakini ikifika Julai Kikae chake, lahaja ya kwao Makunduchi, kilirudi mdomoni, na jioni akiwa barazani alikuwa anatuimbia nyimbo za wanawake wa Mwaka, zile za kutaniana na kusutana. Alikuwa akifika kwenye ubeti ambao hakutaka watoto tuusikie, anaziba mdomo kwa ncha ya kanga na mabega yanamtikisika kwa kucheka. Mimi sikuwahi kuujua ubeti ule. Nilikuwa nakwenda kuusikia.

Bibi ndiye aliyetuambia kwamba kwao hakuna mwanamke anayetoka siku ya Mwaka na nguo ya zamani. Kwa hiyo mwezi Mei nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikatafuta kitenge kwa siku mbili za Jumamosi mpaka nikapata kimoja cha zambarau chenye maua ya manjano, rangi ambazo bibi alikuwa anazipenda. Kitambaa nilikinunua kwa shilingi 48,000, na fundi alichukua 40,000 kwa kushona, kwa sababu nilitaka bitana ndani, mikono inayofika chini ya kiwiko, na marinda mapana chini ili niweze kutembea na wanawake wenzangu uwanjani bila kubanwa. Pindo la chini fundi alilipiga bandi kwanza, akanipandisha juu ya stuli nikiwa nimevaa viatu nitakavyovaa siku hiyo, akazunguka na chaki, na ndipo akalishona kwa mkono. Nilirudi kwake mara tatu. Naeleza haya kwa urefu kwa sababu huko mbele mtaona gauni hili lilivyofanywa kuwa jibu la malalamiko yangu.

Safari yenyewe niliilipia shilingi 185,000 mwanzoni mwa Juni: boti kwenda na kurudi, gari la kutoka mjini Unguja hadi Makunduchi, chakula, na kulala usiku mmoja. Niliona ni vyema kwenda na kundi kwa sababu sikuwa nimewahi kufika ng'ambo ile peke yangu. Mratibu alinithibitishia malipo siku ile ile, na akasema kwamba tiketi za boti zote atakaa nazo yeye na kuzigawa bandarini.

Siku mbili kabla ya safari nikapokea ujumbe huu, ambao naunakili neno kwa neno: "Habari. Tunakutana getini bandarini saa 6:00, boti inaondoka saa 7:00. Tusichelewe." Hakukuwa na asubuhi, hakukuwa na mchana.

Mimi nimezaliwa na kukulia katika Kiswahili. Saa 6 ni saa sita. Saa sita ama ni mchana, jua likiwa utosini, ama ni usiku wa manane, na kwa kuwa hakuna anayepanda boti ya abiria usiku wa manane, nilielewa mchana, kama ambavyo mama yangu angeelewa, na kama ambavyo mwalimu wangu wa darasa la pili, aliyetufundisha kusoma saa kwa mshale wa ukutani, angeelewa. Hesabu yetu ya saa huanza kuchomoza kwa jua, na huku kwetu karibu na ikweta jua halibadilishi sana muda wake, ndiyo maana hesabu hii inatufaa na hatujaiacha. Anayetaka watu wafike alfajiri anaandika "saa 12 asubuhi". Akitaka kutumia saa za Kizungu, basi na aandike ujumbe wake wote kwa Kiingereza, au aongeze neno moja tu, asubuhi. Kinachoniudhi ni huu mtindo wa kunakili namba kutoka kwenye kioo cha simu, kuitanguliza kwa neno "saa", kisha kumtaka msomaji akisie.

Najua kuna watakaosema kwamba ningeuliza. Niliuliza, na hapa ndipo ninapoomba msome kwa makini. Nilimjibu mratibu dakika nne baada ya ujumbe wake, nikaandika kwa maneno wala si kwa namba: "Asante. Saa sita kamili mchana nitakuwa getini." Naye akajibu: "Sawa dada, karibu sana." Ama hakuusoma ujumbe wangu, ama aliusoma na hakujali. Sioni uwezekano wa tatu.

Siku ya safari nilifika bandarini saa tano na nusu. Gauni sikulivaa njiani, nililikunja ndani ya kanga ya bibi na kuliweka juu kabisa kwenye begi ili lisikunjamane, kwani nilipanga kubadilisha nguo kwa mama mdogo. (Mtoto wa mdogo wake bibi bado anaishi Makunduchi, na ingawa tulikuwa hatujaonana tumekuwa tukizungumza kwa simu tangu msiba wa bibi.) Nilisimama getini nusu saa nikitafuta sura za watu wa kundi langu. Nilimpigia mratibu mara tano bila kupokelewa. Mara ya sita alipokea, na nyuma yake nikasikia ngoma. Akaniuliza: "Dada, kwani wewe uko wapi?"

Walikuwa wameondoka saa moja asubuhi. Tiketi yangu alikuwa nayo mkononi mwake, ng'ambo ya pili ya bahari. Nilimuuliza kwa nini hakunipigia alipoona mtu mmoja amepungua kati ya watu kumi na wanne, akasema alipiga sikupokea. Kumbukumbu ya simu yangu haina simu yake hata moja iliyoingia asubuhi ile. Nimeitazama zaidi ya mara ishirini. Baadaye nikaja kugundua jambo jingine lililonichoma zaidi: wenzangu wote walikuwa kwenye kundi la WhatsApp ambako mratibu alituma ujumbe wa sauti akisema kwa kinywa chake "saa kumi na mbili alfajiri muwe getini". Mimi hakuniunganisha kwenye kundi lile. Kwa hiyo yeye mwenyewe akizungumza anajua saa ni ngapi. Ni akiandika tu ndipo anapogeuka.

Nilikwenda dirishani kuulizia boti ya mchana, nikaambiwa imejaa. Hata kama ningepata iliyofuata, ningefika Makunduchi jioni, majivu ya kibanda yakiwa yameshapoa.

Mama mdogo alinipigia saa nane. Alikuwa amepika wali wa nazi na kuku, na alinieleza kwamba kwao siku ile mtu hufurahi kupata mgeni na husononeka akimkosa, kwa hiyo alikuwa hajakaa kula. "Mwanangu, umefika wapi? Chakula kinapoa." Ilibidi nimweleze nikiwa nimekaa juu ya begi langu pembeni mwa geti la bandari, na huko alikokuwa nilisikia sauti za wanawake wakipita wakiimba. Alisogeza simu mlangoni ili nisikie. Sikuyashika maneno.

Alinisihi niende hata kesho yake. Ningekwenda, lakini ruhusa niliyopewa kazini ilikuwa ya siku mbili, na nauli nyingine sikuwa nayo, kwa sababu nauli yangu ilikuwa tayari kwa mratibu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Waliporudi nilimwandikia mratibu kwa adabu, nikamwomba anirudishie fedha, hata kama si zote, angalau gharama ya malazi na chakula ambavyo sikuvitumia. Alijibu hivi: "Pole dada, lakini boti imeshalipwa na chakula kimeshalipwa. Tena wewe una bahati, gauni si unalo? Utalivaa hata harusini." Nilipomwandikia mara ya pili alirudia hoja hiyo hiyo kwa maneno mengine: kwamba sijapoteza kila kitu, kwamba nimebaki na nguo nzuri, na kwamba kuna mwenzetu aliyekwenda na gauni lake likachafuka kwa vumbi na moshi, ilhali langu bado jipya.

Ndugu zangu, gauni hili nimelinunua mimi kwa fedha zangu. Yeye hakutoa hata kifungo. Kitu nilichokwisha kukilipia mwenyewe kinawezaje kuhesabiwa kuwa kifuta machozi cha kitu kingine nilichokilipia na sikukipata? Na huo usafi wa gauni langu anaousifu ndio msiba wenyewe. Ningependa lichafuke. Ningependa lirudi likinuka moshi wa makuti, na pindo lile alilolishona fundi kwa mkono liwe limeshika vumbi la uwanja ambao bibi aliukanyaga akiwa msichana. Yule mama anayelalamikia vumbi kwenye gauni lake, natamani angejua ninavyomwonea wivu.

Harusini sitalivaa. Mwezi huu nimealikwa harusi mbili, na dada yangu ameniambia mara mbili kwamba nguo isiyovaliwa ni fedha iliyolala. Nimemwelewa, lakini nimemjibu hapana. Jirani mmoja alitaka kulinunua kwa shilingi 70,000, naye nikamjibu hivyo hivyo. Limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu, limefunikwa kwa ile kanga ya bibi ili jua la dirishani lisiichuje zambarau. Halijavaliwa tangu siku niliyosimama juu ya stuli ya fundi.

Ninachokidai kwa mratibu ni shilingi 185,000 zangu zote. Mwanzoni niliomba sehemu tu, na nilifanya hivyo kwa kuheshimiana. Baada ya majibu yale sioni sababu ya kumpunguzia, kwa sababu kosa la saa ni lake, kosa la kunithibitishia "sawa dada" ni lake, na kosa la kuniacha nje ya kundi lililopata maelezo sahihi ni lake. Nampa mpaka mwisho wa mwezi huu. Zisipofika nitapeleka madai yangu Mahakama ya Mwanzo, na nimeshachapisha jumbe zote kwenye karatasi kwa tarehe na saa zake. Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kudai fedha za safari kwa njia hiyo, naomba anieleze ilimchukua muda gani, na kama jumbe za simu zilikubaliwa kuwa ushahidi.

Kwa waratibu wengine wa safari mnaosoma hapa: kila abiria akae na tiketi yake tangu siku anayolipa. Na mkiandika saa, andikeni kwa maneno, pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku wake. Ni neno moja zaidi tu.

Julai ijayo nakwenda mwenyewe, na nitavuka siku moja kabla. Mama mdogo ameshanielekeza kwamba nikishuka bandarini Unguja niulizie daladala namba 310, niteremke mwisho wa gari, na yeye atakuwa amesimama pale. Ameniuliza gauni ni la rangi gani ili anitambue.