Majibu ya Vipimo vya Baba

Dada Mkubwa: Shikamooni wazazi wetu. Tumerudi kutoka kliniki, na Baba ameniruhusu niwaandikie majibu yake hapa. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, kimefika asilimia 10.2. Presha ni 158 kwa 92, na uwezo wa figo kuchuja damu umeshuka hadi mililita 41 kwa dakika.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Naogopa kusema, lakini nitasema: shemeji yangu anakula kwa siri. Sukari haipandi hivyo bila sababu.

Dada Mkubwa: Mjomba, hata mimi niliingia kwa daktari na wazo hilohilo. Daktari aliniomba nitoe dawa zote zilizokuwa kwenye mfuko, akazipanga mezani, zikawa aina 9 kutoka vituo vitatu tofauti. Mojawapo ni prednisoloni, ambayo Baba alipewa wiki sita zilizopita kwa ajili ya maumivu ya viungo, mahali ambapo hakuna aliyemwuliza kama ana kisukari. Dawa hiyo hulifanya ini limimine sukari zaidi kwenye damu na huufanya mwili usiiitikie insulini ipasavyo, kwa hiyo Baba angeweza kujinyima chakula na sukari ikapanda vilevile. Tafadhali, mtu asimwambie aiache ghafla, kwa sababu mwili uliokwisha kuizoea unaweza kuzidiwa. Daktari ataipunguza kidogo kidogo. Nyingine ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Hiyo hupandisha presha na kupunguza damu inayofika kwenye figo, na hatari yake huzidi kwa mtu kama Baba ambaye tayari anatumia enalaprili, dawa ya presha, pamoja na kidonge cha kutoa maji mwilini.

Shangazi: Diklofenaki nilimnunulia mimi. Nilimwona kaka yangu anashindwa kuinuka kitini, nikaona siwezi kukaa nikitazama.

Dada Mkubwa: Shangazi, ulimhurumia, na maumivu yale yalikuwa ya kweli. Kwa sasa atatumia parasetamoli kwa kiasi alichoandikiwa, na metformini, kidonge chake cha kisukari, imepunguzwa ili ilingane na hali ya figo.

Kitinda Mimba: Dada, kwa nini basi insulini isiongezwe sana ili tufike chini ya asilimia 6.5 kabla ya kipimo kijacho?

Dada Mkubwa: Nilimwuliza daktari swali hilo, mdogo wangu. Kwa watu wazima wengi lengo huwa chini ya 7, lakini kwa mzee mwenye maradhi kadhaa kwa pamoja, lengo la chini ya 8 linaweza kuwa salama zaidi, kwa kuwa sukari ikishuka kupita kiasi inaweza kumwangusha au kumdhuru moyo ndani ya saa chache. Figo zikidhoofika, insulini hukaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Zaidi ya hapo, atenololi anayomeza kwa ajili ya presha huficha moyo kwenda mbio na kutetemeka, yaani zile dalili ambazo zingemwamsha mapema. Jasho kwa kawaida hubaki.

Baba: Wanangu, naomba nami niseme. Usiku mmoja niliamka nguo zimelowa jasho na sikukumbuka mlango wa chumba changu uko upande gani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiruka sindano ya usiku, si kila siku, lakini mara nyingi. Sikuwaambia kwa sababu kila nikitaja sukari huwa naulizwa nimekula nini.

Mjomba: Shemeji, nisamehe. Mimi ni miongoni mwa waliokuuliza hivyo.

Baba: Nimekusamehe. Jambo jingine ni kwamba nilikuwa najidunga mahali pamoja tumboni, kwa kuwa hapaumi. Muuguzi alipapasa akakuta mabonge, na insulini ikiingia kwenye bonge haieleweki itafanya kazi lini.

Dada Mkubwa: Kwa sababu hiyo atahamisha sindano kila mara, na kiasi cha insulini ya usiku kimepunguzwa, maana ngozi isiyo na mabonge itaifyonza vizuri zaidi. Akiona jasho au kuchanganyikiwa, apimwe mara moja. Sukari kwenye mashine ikiwa chini ya 3.9 mmol/L apewe gramu 15 za sukari iliyokorogwa kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali. Orodha ya dawa nimeiandika kwenye karatasi moja ambayo ataionyesha kila kituo, hata akienda kutibiwa jino.

Kitinda Mimba: Baba, wiki hii nitalala kwako. Niamshe saa yoyote, hata kama huna hakika.

Baba: Njoo. Mashine ya kupimia iko kando ya kitanda, ila vijikaratasi vyake vya kupimia damu vimebaki viwili tu.

Shangazi: Vijikaratasi nitavileta mimi kesho asubuhi, na ile diklofenaki iliyobaki nitaondoka nayo.