Lifti za Sun Valley, Idaho: reli, ndizi na suala la foleni

Mchora_Ramani
Naandaa maelezo kuhusu Sun Valley, mji wa kuteleza kwenye theluji kule Idaho, Marekani. Kwa nini lifti ya viti (viti vinavyoning'inia kwenye waya unaozunguka, vikiwapandisha watu mlimani) ilibuniwa na kampuni ya reli? Na wamiliki waliofuata walipoweka lifti za kasi, je, foleni zilipungua kwa sababu ya kasi hiyo?

Roda
Mkuu, kampuni hiyo ya reli, Union Pacific, ilikuwa inatafuta abiria wa majira ya baridi. Mwenyekiti wake, Averell Harriman, alimtuma Count Felix Schaffgotsch wa Austria kutafuta bonde linalofaa; akalipata karibu na Ketchum, na hoteli ikafunguliwa Desemba 1936.

Lifti ni kazi ya James Curran, mhandisi wa reli hiyo mjini Omaha. Aliwahi kusanifu mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini: waya unazunguka bila kusimama, mikungu inaning'inia kwenye kulabu. Akatoa kulabu, akaweka viti. Kigumu kilikuwa mwendo, maana kiti hakisimami kumsubiri mtu. Wakafunga kiti ubavuni mwa lori, wakawa wanamzoa nacho mtu aliyevaa viatu vya magurudumu, wakibadili kasi hadi wakaona maili 4 hadi 5 kwa saa zinafaa. Ni kama mita 2 kwa sekunde. Lifti za leo ambazo viti vimebanwa moja kwa moja kwenye waya hazijaipita sana kasi hiyo. Usiache kuliandika hilo!

Kapi Kubwa
Kuhusu foleni, piga hesabu mlangoni pa lifti. Kiti cha watu 4 kikipita kila sekunde 6, saa moja ina viti 600, sawa na watu 2,400. Waya uende mita 2.5 au 5 kwa sekunde, jibu ni lile lile. Kinachobadilika ni nafasi kati ya viti: mita 15 kwa lifti ya polepole, 30 kwa ya kasi. Njia ya mita 1,500, ukihesabu waya wa kupanda na wa kurudi, itahitaji viti 200 au 100, na safari itachukua dakika 10 au 5. Anayefika juu mapema hurudi mapema kupanga mstari, kwa hiyo kasi peke yake inaweza hata kurefusha foleni.

Faida iko kwenye klampu inayofunguka, yaani kibanio kinachoshikiza kiti kwenye waya. Kiti kikiingia kituoni huachia waya, kasi yake hushuka hadi mita 1 hivi kwa sekunde, watu hukaa kwa utulivu, kisha springi huibana klampu tena. Wanaoanguka wakikaa kwenye kiti hupungua, na lifti haisimamishwi mara kwa mara. Klampu zisizofunguka zina kero nyingine: lazima zisogezwe kila baada ya muda, la sivyo waya huchoka pale pale zilipobana.

Roda
Nyongeza kwa upande wa umiliki: Bald Mountain, mlima mkuu wa kuteleza hapo Sun Valley, ilipata lifti zake 1939. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hoteli ikawa hospitali ya jeshi la wanamaji. Union Pacific iliiuza Sun Valley mwaka 1964 kwa kampuni ya Bill Janss, naye akamuuzia Earl Holding 1977. Challenger, lifti ya viti vya watu 4 yenye klampu za kufunguka, ilijengwa 1988 chini ya Holding; inapanda zaidi ya mita 900 kwa wima. Mwaka 2023 ikabadilishwa kwa viti vya watu 6.

Mchora_Ramani
Asanteni sana. Basi kwenye jedwali la maelezo yangu naongeza safu ya sekunde kati ya kiti na kiti, kando ya ile ya kasi.